Mgonjwa bado ni mwenye nyumba: kuishi na kanseri iliyoenea, nyumbani kwetu Beni na Butembo



Mimi ni mtu wa agronomi. Lisansi yangu niliifanya juu ya maharage, si juu ya wagonjwa, kwa hiyo msinisome kama muganga. Lakini mama yetu aliishi na kanseri ya ziwa ndani ya nyumba kwa miezi kumi na minne baada ya kuambiwa kwamba imekwisha kuenea kwenye mifupa. Katika miezi hiyo nilijifunza mambo ambayo hakuna mtu aliyetuelezea siku ile tulipopewa majibu. Tulipewa karatasi, tukaambiwa "mumurudishe nyumbani, mumutunze vizuri," basi. Kutunza vizuri ni kufanya nini? Saa ngapi? Na nani? Hapo njo nilianza kuandika, na ninayowapa leo mengi yametoka katika daftari lile.

Kwanza neno lenyewe. Kanseri ikiwa imeenea, maana yake imetoka pale ilipoanzia na kupanda mbegu mahali pengine: mifupa, ini, mapafu, ubongo. Mara nyingi hapo matibabu hayalengi tena kuiondoa kabisa. Yanalenga kuipunguza mwendo na kumpunguzia mtu maumivu. Wengi wetu tukisikia hivyo tunaelewa "anakufa wiki kesho". Si hivyo. Kuna watu wanaishi miezi, wengine miaka. Miezi hiyo ina asubuhi, ina chakula cha mchana, ina nguo za kufua, ina wageni. Ndiyo maana kuna fani nzima inayoshughulika na maisha ya mtu wa namna hiyo. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita huduma shufaa, sisi tumezoea Kifaransa, swa paliatifu. Mwingereza Cicely Saunders aliyefungua nyumba ya St Christopher's kule London mwaka 1967 alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii si ya mwili tu. Yana upande wa roho, wa familia, hata wa pesa. Sisi tuliyaona yote manne kwa mpigo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa upendo uliopita kiasi. Nilirudi kutoka Beni nilikokuwa nafanya kazi upande wa kakao, nikamkuta mama ameketi jikoni anachagua maharage. Nikamnyang'anya ungo. Nikamwambia dada yangu kuanzia leo mama asiguse kitu, alale, apumzike. Nikachukua hata kile kibeti chake cha pesa za sokoni ili asisumbuke kichwa. Siku tatu mama hakusema neno. Siku ya nne akaniita:

"Mutoto yangu, sasa weye umenifanya mugeni mu nyumba yangu. Mi sijakufa. Leta kibeti, na ule ungo ulete."

Niliurudisha. Wiki ile alikula kuliko wiki iliyotangulia, na usingizi wake ulikuwa afadhali. Baadaye muuguzi mmoja alinieleza kwamba kulala kutwa nzima kunazidisha uchovu, kwa sababu misuli inapotea haraka sana kwa mtu mwenye ugonjwa huu. Mgonjwa anahitaji kupumzika, ndiyo, lakini anahitaji pia kazi inayolingana na nguvu zake. Waganga wana hata kipimo chao kwa jambo hili, kutoka 0 mpaka 4: 0 ni mtu anayefanya kila kitu kama zamani, 4 ni yule asiyetoka kitandani kabisa. Kumbe hata mganga, anapotaka kujua kama mwili utavumilia dawa kali, anauliza swali la nyumbani kabisa: huyu mtu anaoga mwenyewe? Anatembea? Analala muda gani wa mchana? Ukiwa na majibu sahihi ya maswali hayo unamsaidia kuamua.

Uchovu wa kanseri si kama ule wetu wa kutoka shambani. Wetu unakwisha ukilala. Ule wa mama ulikuwa kama tangi la maji wakati wa kiangazi: unafungua asubuhi, unakuta robo tu, na usiku haliongezeki sana. Sasa mkulima mwenye robo tangi anafanyaje? Hamwagilii shamba lote. Anachagua miche. Tukamuuliza mama mwenyewe: kati ya kazi zote, ni zipi ambazo ukikosa kuzifanya siku imeharibika? Nilidhani atasema kupika. Akataja tatu: kuoga asubuhi kabla watu hawajaja, kuchagua maharage, na kukaa mlangoni saa watoto wanatoka shule. Kupika, akasema, muchukue tu, ile nimepika ya kutosha.

Daftari lilitusaidia hapo. Nililichora kama lile la majaribio ya mbegu: saa, amefanya nini, maumivu kutoka 0 mpaka 10, amekula nini, amelala vipi. Wiki mbili tu zikatuonyesha mambo mawili ambayo hatukuwa tunayaona. Nguvu zake zilikuwa nyingi kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, na sisi saa hizo tulikuwa tunazijaza wageni. Watu wa kanisa, majirani, shangazi kutoka Lubero, wote wanafika asubuhi, mama anaongea, anacheka, halafu akitaka kuoga tangi limekauka. Tukahamisha wageni hadi saa tisa. Wengine walikasirika, ndiyo. Jambo la pili: maumivu yalikuwa yanapanda saa kumi za usiku kila siku, bila kukosa. Nilipopeleka daftari kwa daktari alitazama ukurasa mmoja tu akasema tatizo ni saa za dawa.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wetu wanateseka bure.

Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limetoa ngazi ya dawa za maumivu ya kanseri: unaanza na za kawaida kama parasetamoli, unapanda, mpaka morifini. Na kanuni yake kubwa ni kwamba dawa inatolewa kwa saa, haingojei mtu alie. Sisi tulikuwa tunampa mama anapolalamika, na mama ni mwanamke wa Kinande wa kizamani, halalamiki mpaka amefika 8. Kumbe ukingoja maumivu yapande ndipo umpe dawa, unahitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha. Ni kama kungoja viwavi wamalize nusu ya mahindi ndipo utafute pampu.

Daktari alipotaja morifini familia yote ilishtuka. Mjomba akasema ile ni dawa ya kumaliza watu. Mimi mwenyewe, na lisansi yangu, niliogopa. Ukweli ni huu: ikitolewa kwa kipimo cha muganga na kupandishwa polepole, haimuui mgonjwa, na ni nadra mtu anayeinywa kwa ajili ya maumivu ya kanseri ageuke mlevi wa dawa. Siku za kwanza mama alisinzia sana, halafu akazoea. Ya maji inanyweka kila baada ya saa nne, na wengi wanapewa kipimo mara mbili wakati wa kulala ili wasiamshwe usiku wa manane. Ile ndiyo iliyoondoa maumivu ya saa kumi usiku. Kipimo ni cha muganga kuamua, na usiikate ghafla kwa sababu mgonjwa "ameonekana vizuri". Anaonekana vizuri kwa sababu anakunywa.

Kwetu kuipata ni kazi, na ukivuka Kasindi mambo ni tofauti. Uganda, Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na kule wanachanganya unga wa morifini na maji, wanatia rangi ili watu wasikosee: kijani ni ile nyepesi, nyekundu ni kali zaidi. Mwaka 2004 sheria yao ikawaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika, maana daktari hawezi kufika kila kijiji. Nikifikiria vijiji vyetu vya Lubero na Beni vyenye muuguzi mmoja kwa sentè nzima, naona ni jambo ambalo wenzetu wa sheria na wa udaktari waliomo katika chama hiki wangelifanyia kazi.

Morifini ina ubaya mmoja ambao hauzoeleki: inafunga tumbo. Kila anayeinywa apewe na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Na hapa agronomi ikapata heshima kidogo nyumbani. Katika miongozo ya huduma hii Afrika kuna mbegu za papai zilizokaushwa, mgonjwa anatafuna kiasi usiku. Sisi watu wa Beni tumekata papai miaka yote kwa ajili ya utomvu wa papaini unaokwenda Ulaya, mbegu tunatupa. Mama alizikunja uso kwa uchungu wake lakini zilimsaidia siku ambazo vidonge vilikosekana farmasi.

Sasa nyumba yenyewe. Choo chetu kiko nje, hatua ishirini na tano, na mnajua Butembo ni mlima juu ya mlima. Mvua ikinyesha hata mzima anateleza. Tulipanda miti ya mikaratusi kandokando ya njia, tukaifunga mti mwingine wa kushikilia mkononi. Kwa usiku tulichukua kiti cha plastiki, kile cha sokoni cha kawaida, tukakata tundu katikati kwa kisu kilichopashwa moto, tukasugua kingo zisimkwaruze, ndoo chini yake, na kitambaa juu. Kiti kingine kama hicho, bila tundu kubwa, kilikuwa cha kuogea. Mama alioga ameketi, maji ya vuguvugu, kopo mkononi mwake. Alipata kuoga mwenyewe mpaka karibu mwezi wa mwisho, kwa sababu ya kiti tu.

Jikoni tuliinua mbabula juu ya matofali ili asiiname anapotaka kuonja mboga. Vitu anavyovitumia vikashuka kutoka juu ya kabati vikawekwa usawa wa kiuno. Mkeka ukaondolewa mlangoni, maana unanasa mguu. Mifupa iliyoingiwa na kanseri inavunjika kwa kuanguka kidogo tu. Na mkiona miguu imelegea ghafla, au mkojo umegoma, msingoje asubuhi: inaweza kuwa uti wa mgongo unabanwa, na hospitali inatakiwa siku ileile.

Chakula kilituletea vita. Dada yangu alikuwa anapika bugali na nyama, sahani imejaa, mama anakula vijiko viwili, dada analia jikoni. Tukamsukuma ale, akatapika. Katika hatua hii mwili hautumii chakula kama zamani, na kumlazimisha mtu hakumwongezei siku. Tuliacha sahani kubwa. Tukaanza kikombe kidogo mara tano au sita: uji wa mahindi, mtama na soya, umechanganywa na karanga za kusaga, avoka iliyopondwa na chumvi, yai, lengalenga laini. Harufu ya samaki wa chumvi ilimkera, tukapika kwa jirani. Kuna siku alitaka Fanta na biskuti tu, akapewa Fanta na biskuti.

Kidonda. Nilitaka kukiruka lakini nyinyi ni watu wazima. Ziwa lilipasuka mwezi wa tano, na kidonda cha kanseri kina harufu ambayo inamfukuza mwenyewe kutoka kwa watu. Mama aliacha kukaa mlangoni. Dada alikuwa ndiye anayemsafisha, mimi mwanaume sikuruhusiwa kuingia. Kwetu mtoto wa kiume haoni utupu wa mama yake, na sikutaka kubishana na jambo hilo. Kisha dada akaugua malaria, hakuna mtu mwingine. Nilisimama nje ya pazia na maji yangu, nikaona haya. Mama akasema: "Ingia. Ulilinyonya hili, leo utalikimbia?"

Muuguzi alikuwa amemfundisha dada, dada akanielekeza akiwa kitandani. Kijiko kidogo kimoja cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa. Kitambaa cha zamani kiloweshwe kwanza kabla ya kukitoa, ukikivuta kikavu damu inatoka. Kidonge cha metronidazoli kinasagwa kuwa unga, unanyunyizwa juu ya kidonda. Kinaua vijidudu vinavyoleta harufu. Baada ya siku chache harufu ilipungua sana. Vitambaa tulivikata kutoka vikwembe vya kale, tunavifua, tunavichemsha, tunaanika juani, tunapiga pasi. Makala kwenye sahani chini ya kitanda nayo yanavuta harufu. Mama akarudi mlangoni saa za shule.

Lakini majirani waliona glavu na ndoo ya jiki. Hapa kwetu glavu na jiki vina kumbukumbu yake. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200, wengi wao wa Beni, Katwa, Butembo, Mabalako. Kwa hiyo jirani mmoja akakataza watoto wake kupita kwetu. Sikumlaumu. Nilienda kwake, nikakaa, nikaeleza kwamba kanseri haiambukizi kwa kugusana, wala kwa kula pamoja, wala kwa hewa, na glavu ni kwa ajili ya usafi wa kidonda chenyewe. Ilichukua ziara tatu. Ya nne alikuja yeye, na bidoni ya maji kichwani.

Kabla ya Butembo mama alikuwa Beni, na hilo nalo ni somo. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanalala sikio moja wazi. Mgonjwa asiyeweza kukimbia anafanyaje risasi zikilia? Tulikuwa na mfuko nyuma ya mlango: dawa za wiki moja, ordonansi, karatasi za hospitali, daftari, vikwembe viwili, sabuni, chupa ya maji, pesa kidogo. Na tulikubaliana mapema nani anambeba, nani anashika watoto. Usiku mmoja tuliutumia kweli, tukakaa kwa marafiki mtaa mwingine siku mbili, na hakukosa dawa hata saa moja. Baada ya hapo tukamhamisha. Beni mpaka Butembo ni kilomita 54 hivi, pikipiki ingemvunja mifupa. Tulilipa gari, mto chini ya mgongo, dawa nusu saa kabla ya kuondoka, na kusimama kila alipotaka.

Ugomvi mkubwa ulikuwa Kampala. Kaka yangu alitaka tuuze kiwanja tumpeleke Taasisi ya Kanseri ya Uganda, pale Mulago. Si wazo la kijinga: miale inaweza kutuliza maumivu ya mifupa hata pale ambapo haiponyi. Lakini safari, malazi, miezi mbali na nyumba. Na mashine nazo ni mashine, ile ya Mulago iliharibika mwaka 2016 na mpya ikaanza kazi mwanzoni mwa 2018, watu wakingoja. Tulijadili sebuleni jioni tatu. Mama alikuwa chumba cha pili anasikia kila neno, hakuna aliyemuuliza. Mwishowe akagonga ukuta. Akasema kiwanja ni cha masomo ya kitinda mimba, na yeye anataka kubaki mahali anapojua majina ya watu wanaopita njiani. Mimi nilikuwa upande wa kaka. Mpaka leo kuna siku nafikiri tungekwenda. Lakini mwili ulikuwa wake na kiwanja kilikuwa chake.

Kuhusu sisi watunzaji: tulipanga zamu ukutani, baada ya dada kuzimia kisimani. Wanaume tuliandikwa humo kama wengine, maji, choo, usiku. Likelemba la mtaa lilituletea zamu ya mapema bila kuombwa. Na nyinyi mnaokwenda kumwona mgonjwa wa namna hii: muulize kwanza saa, kaeni dakika kumi na tano, pelekeni makala au sabuni au bidoni ya maji, na msimsimulie habari za yule mwingine aliyekufa na ugonjwa uleule. Tulisikia nyingi.

Mama alifariki Jumanne, kitandani kwake, maumivu katika daftari yakiwa 2. Ijumaa iliyotangulia alikuwa amechagua ungo mmoja wa maharage, ameketi, mgongo kwenye mto.

Kiti chenye tundu tunacho bado. Kimekwisha kuzunguka nyumba tatu hapa Bulengera. Mwenye mgonjwa Butembo aniambie, nitakileta na pikipiki; kikimaliza kazi kirudishwe kimefuliwa na jiki.